Ukimya Uliokuja na Lami

Mwaka 1909 mifupa ya mijusi wakubwa wa kale ilianza kuteremshwa kutoka kilima cha Tendaguru kwenda bandari ya Lindi, na kwa miaka minne mfululizo haikupanda gari hata mara moja. Ilibebwa kichwani na mabegani. Mbung'o waliua ng'ombe na punda, barabara ya kupitisha magurudumu haikuwapo, na wataalamu wa jumba la makumbusho la Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, hawakuwa na njia nyingine ila kuwategemea wapagazi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye bila macho na mikono yake sehemu kubwa ya mifupa ile isingefika pwani ikiwa nzima. Kutoka kilimani hadi Lindi ilikuwa safari ya siku nne hivi. Zaidi ya tani 200 zilipita njia hiyo, mzigo kwa mzigo, na watu walikwenda kwa kuimba na kuitikiana ili hatua zisiachane.

Naianzia hapo historia ya ukimya ndani ya gari la kifahari, ingawa historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kutoka karakana za Uingereza, Ujerumani na Japani. Watu huuliza gari fulani la bei kubwa lina utulivu kiasi gani likiwa kwenye kasi, na jibu hutafutwa kwenye injini, vioo na milango. Sisi wa Kusini tuna sababu ya kulitafuta chini zaidi, kwenye ardhi ambayo tairi inaikanyaga. Nusu ya ukimya huo haitengenezwi na kiwanda cha magari. Hutengenezwa na aliyejenga barabara, na katika mikoa ya Lindi na Mtwara mtu huyo alichelewa sana kufika.

Tuchukue safari ya kwenda Rondo. Iko kusini-magharibi mwa mji wa Lindi, ni uwanda wa juu unaofika karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari. Anayetoka Dar es Salaam hushuka na barabara ya Kilwa, akavuka Rufiji, akapita Somanga na Nangurukuru, akafika Mingoyo, kisha akaiacha pwani na kushika njia ya Masasi hadi Mtama. Hapo ndipo huanza kupanda. Juu kuna ukungu wa asubuhi, kuna msitu wa hifadhi, na kuna vijiji vinavyojua gari linalokuja ni la nani kabla halijaonekana, kwa mlio wake tu.

Wakati wapagazi wa Tendaguru wanatembea, huko Uingereza ukimya ulikuwa umeshaanza kuuzwa. Mwaka 1907 Claude Johnson, aliyekuwa akiendesha biashara ya Rolls-Royce, alichukua gari moja la nguvu za farasi 40/50, akalipaka rangi ya fedha na kulipa jina la Silver Ghost, yaani mzimu wa fedha, kwa sababu lilipita bila kishindo. Akalipeleka katika jaribio la maili 15,000, takribani kilomita 24,000, kwenye barabara za Uingereza. Wakati huohuo Mmarekani Charles Yale Knight alikuwa amebuni injini isiyo na valvu za kupigapiga. Badala yake ilikuwa na mirija ya chuma inayoteleza ndani ya silinda, na akaiita kwa jina lililobeba ukimya ndani yake: Silent Knight. Kampuni ya Daimler ya Uingereza iliichukua injini hiyo mwishoni mwa muongo huo, na ndiyo iliyokuwa ikisukuma magari ya familia ya kifalme.

Ukizitazama juhudi za enzi hizo utaona zote zililenga kitu kimoja, injini. Na ilikuwa haki yao. Magari yalikwenda taratibu, hayakuwa na paa la maana, na kelele kubwa kuliko zote ilitoka mbele ya miguu ya dereva. Hakuna aliyehangaika na upepo. Tairi zilikuwa nyembamba na mwendo ulikuwa mdogo. Ilibidi injini inyamazishwe kwanza ndipo wahandisi wagundue kwamba nyuma yake kulikuwa na kelele nyingine zilizokuwa zimejificha, na huo ndio umekuwa mtindo wa kazi hii tangu hapo: kila kelele inapozimwa, iliyokuwa chini yake hujitokeza.

Kusini mwa Tanganyika magari yalipokuja kwa wingi, hayakuja kwa starehe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake. Matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, yaliteremshwa pwani kwenda kung'oa miti. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, kuelekea bara. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha kushindwa; reli iliendelea kwa muda, ikaunganishwa na Mtwara, kisha ikafungwa mwaka 1962 na mataruma yake kung'olewa. Katika miaka hiyohiyo malori yalipanda Rondo kufuata mvule. Magogo yalipasuliwa hukohuko kwenye kiwanda cha mbao, na mbao zikateremshwa kwenda Lindi kwa gia nzito, injini zikilia mlima mzima. Hadi leo Rondo ina shamba la miti la serikali, na wazee wa huko wanaweza kukueleza tofauti ya sauti ya lori linalopanda tupu na linaloshuka na mzigo.

Katika nchi hiyohiyo, gari la kimya lilikuwapo moja lililojulikana na wengi. Ni Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, na baada ya uhuru ikamhudumia Mwalimu Julius Nyerere katika shughuli za kiserikali. Leo limesimama katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pamoja na magari mengine ya viongozi. Ukisogea karibu na mlango wake unaona jinsi ulivyo mnene na mzito. Ni gari la barabara za mji: kutoka Ikulu hadi uwanjani, mwendo wa pole, pikipiki mbele. Njia ya Lindi haikuwa saizi yake. Aliyetaka kufika Kusini enzi hizo alipanda meli, ndege, au Landrova, na Landrova ya miaka ile, yenye bodi ya bati la alumini lisilo na kitambaa ndani, ilimlazimu abiria kupiga kelele ili jirani yake asikie.

Ni katika miaka hiyohiyo, mwaka 1958, ambapo madai maarufu kuliko yote kuhusu ukimya wa gari yalichapishwa. Mtunzi wa matangazo David Ogilvy, akiandikia Rolls-Royce, alidai kwamba gari jipya la kampuni hiyo likiwa kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Maneno hayo hakuyabuni mwenyewe. Aliyaokota kwa mwandishi wa ufundi wa gazeti la magari la Uingereza, na robo karne kabla yake kampuni ya Pierce-Arrow ya Marekani ilikuwa imeshatumia wazo lilelile la saa. Lakini ni tangazo la Ogilvy lililobaki vichwani, na mpaka leo mtu akisifia utulivu wa gari lake hutaja kwamba saa tu ndiyo inayosikika.

Je, ilikuwa kweli? Kwa masikio ya mtu, inawezekana. Kwa chombo cha kupimia, hapana. Hapa inatubidi tuielewe desibeli, kipimo kilichoanzishwa na wahandisi wa simu wa Marekani katika miaka ya 1920. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Sauti ikiongezeka desibeli 10, nguvu yake imekuwa mara kumi, ingawa sikio hulihisi hilo kama kuongezeka mara mbili tu. Vyanzo viwili vyenye desibeli 60 kila kimoja vikiunguruma pamoja havitoi 120, vinatoa 63. Mnong'ono uko karibu na 30. Watu wawili wakizungumza kawaida mezani wako karibu na 60. Sasa gari la kawaida, dogo, kwenye kilomita 100 au 110 kwa saa huwa karibu na 70 ndani yake, na magari ya kifahari yanayosifiwa kwa utulivu huwa kwenye sitini na kitu, mara nyingi kati ya 60 na 65. Yaani ndani ya gari tulivu sana duniani, likiwa kwenye kasi, kuna kelele sawa na mazungumzo ya watu sebuleni. Tiktak ya saa haifiki huko.

Ila sikio si mashine. Ngurumo ya tairi na upepo ni nzito, ya chini, na sikio la binadamu halizitilii maanani sauti nzito kama linavyozitilia sauti nyembamba. Mlio wa saa ni mwembamba na unakatakata, kwa hiyo hupenya katikati ya ngurumo na kusikika. Mwandishi yule wa gazeti alisema alichosikia, na mimi namwamini. Kosa ni letu sisi tuliodhani kwamba saa ikisikika basi kila kingine kimenyamaza.

Hesabu hizo zilipata mtu wa kuzishughulikia kwa ukali huko Japani. Mwaka 1983 Eiji Toyoda, mkuu wa Toyota, aliagiza gari litakaloshindana na bora kuliko yote ya Ulaya na Marekani. Mhandisi mkuu, Ichiro Suzuki, alijiwekea malengo ambayo wenzake waliyaona hayawezekani, na mojawapo lilikuwa kelele isiyozidi desibeli 58 ndani ya gari kwenye kilomita 100 kwa saa. Hakutaka kufunika kelele kwa sponji na mazulia. Alitaka izimwe inapozaliwa, kwa kuchonga vyuma vya injini kwa usahihi zaidi, kunyoosha shafti, na kulainisha umbo la gari ili upepo usipate pa kugonga. Mamia ya magari ya majaribio yalijengwa na kuvunjwa. Mwaka 1989 likatoka Lexus LS 400, na tangazo lake likaonyesha mnara wa glasi za shampeni juu ya boneti huku magurudumu yakizunguka kwa kasi kubwa bila glasi hata moja kuanguka. Huko kwao Japani gari hilo liliuzwa kwa jina la Toyota Celsior.

Nalitaja jina hilo kwa sababu ndilo lililovuka bahari kuja kwetu. Magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika katika bandari ya Dar es Salaam na Zanzibar baada ya biashara kufunguliwa, ufundi wa Suzuki na wenzake ulishuka pamoja nayo. Celsior zilikuwa chache, lakini Crown, Mark II na Brevis zilijaa mitaani. Kwa mara ya kwanza mwalimu, mfanyabiashara wa korosho au karani wa bandari aliweza kufunga mlango na kusikia ule mshindo mzito, sauti ya mjini ikakatika ghafla. Mtu aliyekulia ndani ya mabasi ya miaka ya 1980 hasahau siku aliyoisikia.

Ukitaka kujua kilicho nyuma ya mshindo huo, kaa na fundi anapofungua mlango wa Crown kutafuta mota ya kioo. Anang'oa vipini, anachomoa skrubu, anapachua vibanio kimoja kimoja, na paneli ya ndani inatoka na manyoya yake mgongoni. Chini yake kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi kuzunguka mlango wote, ya kuzuia maji, na sauti pia. Ukiingiza mkono zaidi, kwenye bati lenyewe la nje unagusa kitu kigumu kama ngozi nene, kimegandishwa hapo kiwandani. Gonga bati pasipo na kitu hicho, linalia. Gonga penye nacho, linatoa kishindo kifupi na kufa. Vipande vya namna hiyo viko pia sakafuni, chini ya zulia, na katika magari mengi vimetengenezwa kwa lami. Ni lami ileile inayomwagwa barabarani, imechanganywa na madini na kukatwa vipande, kazi yake ni kuuchosha mtikisiko wa bati ukageuka joto kidogo kabla haujawa sauti. Kuzunguka mlango kuna raba, wakati mwingine safu mbili au tatu. Raba hizo ndizo zinazodharauliwa kuliko kitu chochote na ndizo zinazobeba kazi kubwa: tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya mlango linatosha kuufanya mlango mzima ushindwe kukata zaidi ya desibeli 20 za kelele ya nje, hata uwe mnene namna gani. Madereva wa Kusini wanalijua jambo hili bila kipimo. Gari linaloingiza vumbi linaingiza kelele.

Mambo yameendelea tangu hapo. Vioo vya magari ya bei ni viwili vilivyobandikwa pamoja, katikati utando laini wa kufyonza sauti. Tangu miaka ya 1990 yapo magari yenye maikrofoni zinazosikiliza ngurumo na spika zinazotoa wimbi la kinyume chake ili mawimbi hayo mawili yauane. Tairi nyingine zina sponji ndani yake. Rolls-Royce ilipotoa Ghost mpya mwaka 2020 ilieleza kwamba imeweka zaidi ya kilo 100 za vitu vya kuzuia sauti, na kwamba wahandisi wake walifika mahali ukimya ukawa mwingi mno hadi abiria anahisi kizunguzungu. Ikawabidi warudishe sauti kidogo, moja tu, ya chini.

Yote hayo hupimwa kwenye barabara laini. Turudi basi kwenye barabara ya Kilwa.

Kwa miongo mingi baada ya uhuru, Kusini ilikuwa upande wa nchi unaofungwa na mvua. Masika yakianza, malori yalizama kwenye tope la Rufiji na watu walilala njiani siku mbili, tatu, zaidi. Kivuko cha mto Rufiji kilikuwa pantoni, na pantoni ikiharibika, foleni ilikuwa ndefu pande zote mbili. Mtoto aliyekuwa akisafiri kwenda shule ya bweni alijua kubeba chakula cha njiani cha kutosha. Watu wa Lindi na Mtwara walizoea kusikia mikoa mingine ikipewa barabara huku wao wakipewa ahadi, na hilo liliwauma, na lilikuwa haki liwaume.

Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, na aliijua njia hiyo. Agosti 2003, akiwa Rais, alifungua daraja juu ya Rufiji pale Ndundu, lenye urefu wa mita 970, lililojengwa kwa fedha za Serikali na za mifuko ya maendeleo ya Kuwait na ya nchi za OPEC. Likapewa jina lake. Daraja peke yake halikumaliza shida, kwa maana lami ilikuja vipande vipande, na kipande kilichosumbua kuliko vyote kilikuwa kile cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, ambacho hakikukamilika hadi katikati ya miaka ya 2010. Siku kilipokwisha, zaidi ya kilomita 400 kati ya Dar es Salaam na Lindi zikawa safari ya mchana mmoja, na kwa mara ya kwanza gari lililotengenezwa kwa ajili ya utulivu liliweza kwenda Kusini na kubaki tulivu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwenye mwendo wa mjini, injini na tairi hugawana kelele. Likivuka kilomita 50 kwa saa, kwa gari la kisasa, tairi ndiyo inayotawala. Likikaribia 100 na kuzidi, upepo unaingia kwa nguvu, kwa sababu kelele ya upepo haipandi sawasawa na mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, upepo huongeza desibeli 18 hivi. Kwa hiyo kati ya Nangurukuru na Mingoyo, dereva akiwa kwenye 100, injini ya gari lake la kifahari haina usemi wowote. Kinachosikika ni raba juu ya kokoto, na hewa kwenye nguzo za kioo na vioo vya pembeni. Na kokoto hizo zinategemea mkandarasi. Wajenzi wa barabara hutofautisha lami nyepesi, ambayo kokoto humwagwa na kushindiliwa juu ya lami iliyonyunyizwa, na lami nzito, ambayo kokoto na lami hupikwa pamoja kiwandani na kutandazwa kwa mashine. Lami nyepesi ni nafuu na imeokoa maeneo mengi, ila uso wake una meno. Gari lilelile, mwendo uleule, likitoka kwenye lami nzito laini na kuingia kwenye kokoto kubwa, kelele ya ndani inaweza kupanda desibeli tano, hata zaidi. Tofauti nzima kati ya gari la kifahari na la kawaida, ambayo mnunuzi ameilipia mamilioni mengi, ni kama desibeli sita au nane. Barabara ya meno inaila karibu yote.

Ukimya huo una gharama yake nyingine, na nisingependa niipite haraka. Watafiti wa usalama barabarani wamewahi kuonyesha kwamba dereva akipunguziwa kelele, huchagua mwendo mkubwa zaidi, kwa sababu sikio ndilo linalomwambia anakwenda kasi kiasi gani. Barabara ya Kilwa imepita katikati ya vijiji. Watoto wanavuka kwenda shule, wanawake wanauza samaki na korosho mita chache kutoka kwenye lami, baiskeli zinabeba mkaa. Kibao kinasema 50. Dereva wa basi, ambalo sheria inalifunga kwenye 80, anausikia mwendo wake kwenye kila bati. Aliye ndani ya shangingi, vioo juu, kiyoyozi kinapuliza, anashuka kutoka 120 hadi 80 na mwili wake unamwambia amesimama. Ndiyo maana Wakala wa Barabara huweka matuta na rasta. Rasta, ile mistari myembamba iliyoinuka kabla ya kijiji, haiharibu gari wala haimlazimishi mtu kusimama. Kazi yake ni kurudisha ndani ya gari kelele ambayo wahandisi waliitoa. Na gari likiwa laini mno, rasta nayo humezwa. Anayebaki kumkumbusha dereva ni askari mwenye tochi ya kupimia mwendo.

Kwamba barabara hii bado haijawa salama, ilionekana Mei 2024. Mvua za masika zilikuwa nyingi kupita kawaida, kisha kimbunga Hidaya kikaikaribia pwani karibu na Mafia. Maji yakakata barabara eneo la Somanga na Mikereng'ende, makalavati yakang'oka, na Kusini ikatengwa tena na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kwenye foleni ile lilikuwapo kila aina ya gari, likiwa limezimwa. Kazi iliyofuata ya kuweka madaraja makubwa mahali palipokuwa na makalavati ni mwendelezo wa kazi iliyoanza Ndundu, na wanaoifanya wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa watengenezaji wa starehe ya magari, ingawa hakuna tangazo litakalowataja.

Rondo yenyewe imewahi kutembelewa sana na magari ya kifahari. Bernard Membe, aliyekuwa Mbunge wa Mtama kwa miaka 15 na Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2007 hadi 2015, alizaliwa Chiponda, Rondo, na ndiko alikozikwa Mei 2023. Misafara ya viongozi iliyopanda siku zile ilikuwa ya Land Cruiser, gari ambalo ukimya wake ni wa aina tofauti na wa Crown: bodi imekalishwa juu ya chesisi nzito, na kati ya viwili hivyo kuna raba nene zinazozuia ngurumo ya chini isipande kwenye viti.

Msitu wa Rondo una kiumbe ambaye wanasayansi walimtambua kwanza kwa sikio. Ni komba mdogo wa gramu 60 hivi, anayetembea usiku, ambaye kwa macho anafanana mno na komba wengine wa pwani. Watafiti Paul Honess na Simon Bearder walirekodi milio ya komba katika misitu ya Tanzania, wakaona huyu ana mlio wake wa pekee unaopigwa kwa vipande viwili viwili, na mwaka 1997 akatangazwa kuwa spishi yake mwenyewe, akibeba jina la Rondo hata katika Kilatini. Anapatikana pia katika vijisitu vya Pugu na Pande karibu na Dar es Salaam, yaani mwanzo na mwisho wa safari hiihii, na pote yuko hatarini kwa sababu misitu inakatwa. Nasikitika kwamba wengi wanaopita na vioo juu hawajui kwamba yupo.

Kwa miaka mingi njia ya kupanda Rondo kutoka Mtama imekuwa ya udongo, na pale ndipo hesabu yote inapogeuka. Dereva anashuka hadi 40 au chini yake. Upepo, uliokuwa na nguvu kwenye 100, unapungua zaidi ya desibeli 20 na kutoweka kabisa masikioni. Ngurumo ya lami inakwisha. Badala yake zinakuja sauti ambazo hakuna aliyezifikiria kwenye kiwanja cha majaribio: changarawe zikigonga madigadi, dashibodi ikilia kwenye kona yake, kibanio kilichovunjika siku mota ya kioo ilipobadilishwa kikigongagonga ndani ya mlango. Barabara iliyojikunja mawimbi inakula bushi kwanza, kisha stabilaiza, kisha shokapu, na raba za milango zinajaa vumbi mpaka zinakauka na kupasuka. Mwenye gari anayepanda na kushuka mara kwa mara huanza kusikia kugonga upande wa kushoto mbele kabla ya mwaka kwisha. Fundi wa Mtama akiinua gurudumu kwa jeki na kulitikisa kwa mikono miwili, kwa kawaida humwambia aanze na bushi, kwa sababu ndizo za bei nafuu na ndizo zinazorudisha utulivu mwingi kwa pesa kidogo.